Ndege Zisizokaa

Siku sheria ile ilipopitishwa, Bi Mhuri alilia. Uchungu ulikuja baadaye, na huo ndio habari yenyewe. Siku ile alilia kwa furaha, amekaa mstari wa mbele katika ukumbi wa uwanja wa ndege, sare yake ya forodha imepigwa pasi ikakaa sawasawa, anamsikiliza Waziri.

"Nchi yetu ni ndogo," Waziri alisema. "Hatuna dhahabu, hatuna mafuta. Lakini anga tunayo! Tajiri akinunua ndege yake huko kwao, anatozwa kodi ya kumtoa kijasho. Sisi tunamwambia hivi: iandikishe kwetu, ilete itue hapa mara moja tu, igongwe mhuri, na kodi ya kuinunua tumekusamehe. Wakija hao, watakuja na kazi. Karakana zitajengwa. Mafundi watatakiwa. Mgeni njoo, mwenyeji apone!"

Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Bi Mhuri katika hotuba yote alilisikia neno moja tu: mafundi. Maana alikuwa na mdogo wake, wa kiume, wa pekee, aliyembeba mgongoni akiwa yeye mwenyewe bado msichana wa shule, akamlea wazazi walipoondoka, akamsomesha mpaka akawa fundi wa ndege. Na si ndege za mizigo, ni hizi hizi ndogo za matajiri. Alikuwa nchi za mbali mwaka wa tisa sasa, kwenye karakana ya watu, na kila sikukuu alituma salamu na picha.

Mchana ule ule akampigia simu.

"Mdogo wangu, rudi nyumbani. Ndege zinakuja."

"Ndege gani, Dada?"

"Hizo hizo unazowatengenezea watu huko. Sasa utazitengenezea kwenu."

"Una uhakika? Maana hapa kazi ninayo."

"Waziri kasema, nimemsikia kwa masikio yangu mawili. Na mimi, nimewahi kukudanganya?"

Hakuwahi, kweli. Hata alipokuwa mtoto na sindano ya hospitali inakuja, dada yake alimwambia itauma. Kwa neno hilo moja, yule bwana akaacha kazi, akafunga virago, akarudi na mke wake, binti yao mdogo, na boksi la spana lililokuwa zito kuliko mizigo mingine yote ikiwekwa pamoja. Uwanjani wakampa jina siku ile ile: Fundi.

Na ndege zilikuja. Hapo Waziri hakusema uongo.

Siku ya ndege ya kwanza, Mama Chai, mwenye kibanda cha vinywaji pale uwanjani, aliamka alfajiri akatengeneza mikate arobaini yenye mayai. Madereva wa teksi waliosha magari yao mpaka matairi. Fundi alivaa ovaroli mpya. Ndege ikatua, nyeupe, inang'aa, watu wakashangilia. Mlango ukafunguka. Bi Mhuri akapanda na karatasi zake, akasoma namba iliyochongwa kwenye kibati kando ya mlango, akailinganisha na ile ya kwenye hati, akagonga mhuri mara tatu, akashuka. Mlango ukafungwa. Ndege ikageuka, ikaondoka. Kutua mpaka kuruka, dakika thelathini na nane.

"Ndiyo mgeni mwenyewe huyo?" Mama Chai aliuliza, mikono kiunoni. "Hata mguu hakushusha!"

Mikate ile waliila wafanyakazi siku mbili, na ya tatu wakaikataa.

Kumbe sheria ilikuwa na kifungu chake kingine, ambacho Waziri hakukitaja ukumbini. Maegesho ya uwanja yalitosha ndege tatu tu, na waliotunga sheria waliogopa matajiri wasije wakayageuza kuwa banda lao la kuwekea. Kwa hiyo wakaandika kwamba ndege ina saa moja ya bure. Ikipitisha saa hiyo ikiwa bado chini, inaanza kutozwa ada ya maegesho, na kodi juu ya kila huduma itakayofanyiwa. Sasa niambie, nani mwenye akili zake akae? Mkono mmoja unamwita mgeni karibu, karibu, na mwingine unamsukuma mlangoni. Mabwana wakubwa waliosoma wakakaa kikao, wakaandika kitu kama hicho, wakapeana mikono.

Wenye ndege wengi hata hawakuwemo ndani. Mara moja tu Bi Mhuri alimkuta mmoja, mzee aliyevua viatu akabaki na soksi, amelala kwenye kiti kipana. Akaamka, akamtazama yule mama wa sare, akauliza, "Hapa ni wapi?" Bi Mhuri akamtajia jina la nchi, kwa sauti ya heshima. "Ahaa," mzee akasema, akalala tena. Ndege yake mpaka leo ina herufi za nchi ile mkiani.

Karakana nayo ilijengwa, usidhani. Kuta zilipanda, paa likapauliwa, kibao kikawekwa, milango ndiyo haikuwahi kufika. Mkurugenzi wa uwanja alisema itafunguliwa rasmi ikipatikana ndege ya kutengeneza. Fundi akaambiwa asubiri. Akasubiri miezi mitatu, kisha kwa kuwa mtoto hali subira, akakubali kazi iliyokuwepo, ya kuweka kabari. Ndege ikisimama, unasogeza vile vipande vya mpira mbele na nyuma ya magurudumu ili isiserereke. Ikitaka kuondoka, unaviondoa. Basi. Mtu aliyejua kuifungua injini ya ndege na kuifunga tena bila hata skrubu moja kubaki mezani!

Mwendesha lori la mafuta, ambaye kwa mdomo wake watu walimwita Redio, hakuacha ipite asubuhi bila neno. "Shikamoo, Fundi Mkuu wa Kabari! Leo umetengeneza mpira gani?" Wengine wakacheka. "Fundi wa ndege zisizokaa!" Fundi naye alicheka, tena kwa sauti kuliko wote. Bi Mhuri akimwona anacheka hivyo alifikiri, afadhali, hayamkai moyoni.

Nyumbani aliyesema alikuwa wifi yake. Mawifi ni watu wa utani, na utani una leseni yake. "Wifi," alisema siku moja, anamimina chai, "ulisema ndege zinakuja, na kweli zimekuja, hukutudanganya. Ulisahau tu kutuambia kwamba zinaondoka." Bi Mhuri alicheka. Chai hakuimaliza.

Sasa habari ya leseni. Jumapili moja Fundi aliitandaza mezani, karatasi ya buluu yenye picha yake ya zamani, mashavu yamejaa.

"Dada, hawa walionipa hii, kila baada ya miaka miwili wanataka waone kwamba nimeshika ndege. Hawataki mengi. Kazi moja tu ya maana, imeandikwa kwenye kitabu cha ndege, rubani katia saini. Nikiwatumia hiyo, wananiongezea miaka miwili mingine. Nisipotuma, leseni inakufa."

"Ikifa haifufuki?"

"Inafufuka. Unarudi shule mwaka mzima huko huko, unafanya mitihani yote upya, kwa gharama yako. Mimi, kwa umri huu, na mtoto? Ikifa imekufa."

"Na kule ulikokuwa, huwezi kurudi hata kwa mwezi?"

"Nimewaandikia. Kiti changu kina mtu."

"Mpaka lini?"

"Tarehe thelathini mwezi ujao."

Bi Mhuri aliitazama ile karatasi. Alitaka kusema samahani. Badala yake alisema, "Mungu ni mkubwa," akaenda kuanua nguo.

Tarehe kumi na moja ya mwezi huo uliofuata, saa nne asubuhi, ikatua ndege. Nyeupe kama zilivyo zote, rubani mtu mzima mwenye mvi, msaidizi wake, na ndani hakuna abiria. Fundi akaweka kabari za mbele, akazunguka gurudumu la kushoto, akachuchumaa. Akakaa pale kuliko kawaida. Kisha akaita.

"Kapteni, hebu shuka uone."

Kwenye breki ya gurudumu la kushoto palikuwa na mafuta mekundu yanayodondoka, tone, kisha tone. Fundi akatazama saa yake ya mkononi, akahesabu midomo ikicheza.

"Matone matatu kwa dakika," alisema. "Kitabu chenu kinaruhusu mpaka matano kwa safari moja ya kurudi nyumbani. Ila sili, ule mpira wa kuzuia mafuta, imechoka. Ndege ingekuwa yangu nisingeirusha hivi."

"Ungefanyaje?"

"Ningeibadilisha sili. Kazi ya saa mbili tu. Sili za breki ya aina hii ninazo kwenye boksi langu, na karatasi zake, na leseni yangu ya aina hii ya ndege ni hai."

Rubani alimtazama yule mtu wa kabari juu mpaka chini. Akamuuliza maswali matatu ya kitaalamu, na kila moja likajibiwa kabla halijaisha. Akavuta simu, akaongea na ofisi ya wenye ndege, akarudi.

"Wamekubali itengenezwe hapa, kwa sharti moja. Hawataki kuguswa na hiyo ada yenu ya baada ya saa moja. Nani mwenye saa?"

Watu wote wakageuka kumtazama Bi Mhuri, aliyekuwa ameshashuka ngazini na hati mkononi. Yeye ndiye aliyeandika ndege imegusa chini saa ngapi, na yeye peke yake ndiye aliyeweza kuisimamisha saa hiyo. Ilikuwepo fomu ya njano kwa ajili hiyo: ofisa akiona kuna sababu ya usalama, anajaza, anatia saini, saa inasimama mpaka kazi iishe, na mwenye ndege hadaiwi kitu. Ilikuwa halali kabisa. Nakala moja ilikuwa imekunjwa mfukoni mwa sare yake. Kwa miaka miwili hakuwahi kuijaza.

"Isimamishe, mama," rubani akasema. "Huyu bwana aifunge, sote tulale usingizi."

Dakika ya thelathini na moja. Fundi alisimama kando ya gurudumu, mikono ameifuta kwenye ovaroli, anamtazama dada yake, na usoni mwake mlikuwa na kitu ambacho Bi Mhuri hakuwa amekiona tangu siku ya ndege ya kwanza.

Mkono wa Bi Mhuri ukaenda mfukoni. Hapo ndipo Redio, ameegemea lori lake la mafuta, aliposema:

"Aa, undugu ni kufaana jamani! Leo saa itasimama, mtaona wenyewe."

Mama Chai akacheka kibandani. Hakuwa na ubaya, ni kicheko tu. Wabeba mizigo wawili wakacheka pia, na mkono wa Bi Mhuri ukaganda.

Lazima umjue huyu mama. Miaka ishirini na miwili katika forodha, idara ambayo watu wake wengi walikuwa na viganja vya kuwasha, na yeye hakuchukua hata kalamu ya mtu. Binamu yake alipokuja na mzigo wa vitambaa akidhani atapita, alimtoza mpaka ushuru wa mwisho, na hawajasemezana mpaka leo. "Bi Mhuri hana ndugu," watu walisema, naye alilisikia neno hilo kama sifa. Alikuwa hana nyumba ya ghorofa, hana gari. Alikuwa na jina lake safi, na alilipenda, tena mno.

Akampigia simu Mkurugenzi.

"Kama ni usalama, jaza fomu," Mkurugenzi alisema. "Hiyo ni mamlaka yako. Lakini huyo fundi mwenyewe si anasema inaweza kuruka?"

"Anasema kwa safari moja inaweza."

"Na fundi mwenyewe ni nani? Ni yule mdogo wako?"

"Ndiye."

"Mh," Mkurugenzi akasema. Halafu akaongeza, "Wewe ndiye unayejua. Mimi sijasema kitu."

Ile "mh" ndiyo iliyommaliza. Akarudisha simu, akavuta pumzi, akatoa sauti yake ya kazini, ile anayoitumia kwa watu asiowajua.

"Fundi. Ndege hii inaweza kuruka au haiwezi?"

Fundi alijua. Neno moja tu, haiwezi, na fomu ingejazwa bila mtu kuinua nyusi. Hapakuwa na mwingine uwanjani wa kumpinga. Alitazama gurudumu, akamtazama dada yake.

"Inaweza, lakini..."

"Sijauliza lakini."

Hata Redio alizima.

"Inaweza," Fundi akasema.

Bi Mhuri akaweka hati juu ya ubao wake, akagonga mara tatu. Rubani alitikisa kichwa. Kabla ya kupanda alimwendea Fundi, akaomba kuiona leseni yake, akaandika namba yake na jina kwenye kijitabu, akampa mkono. Fundi akainama, akaondoa kabari. Ndege ikaruka dakika ya hamsini na mbili, na Mama Chai akasema, "Bi Mhuri bwana, huyo ni chuma." Bi Mhuri aliitikia kwa kichwa, akaingia ofisini kwake, akafunga mlango, akakaa. Alikuwa amefanya sawa. Alijiambia hivyo mara nyingi. Amefanya sawa.

Watu husema majuto ni mjukuu. Yake hayakungoja kuzaa, sembuse kulea. Jioni ile ile mezani, Fundi alimpitishia chumvi, akamuuliza kama mgongo bado unamsumbua, na upole huo ukamkata maini kuliko matusi. Wifi yake hakutania. Kwa mara ya kwanza tangu aingie nyumba ile, hakutania hata neno.

Zilibaki siku kumi na tisa. Bi Mhuri akaanza mambo ambayo hakuna aliyewahi kumwona akiyafanya. Ndege ikitua, kabla ya kupanda ngazi, aliizunguka kwanza kwa tochi mchana kweupe, akichungulia chini ya mabawa, akipitisha kidole kwenye kila chuma chenye unyevu na kukinusa. Maji. Maji ya mvua. Maji tena. Fomu ya njano alikuwa ameshaiandika kila kitu, imebaki tarehe tu.

"Bi Mhuri, umedondosha hereni?" Redio aliuliza.

"Nyamaza wewe!" alimfokea, mpaka yule bwana akashtuka. Lakini alikuwa amechelewa kumnyamazisha, na alijua.

Zilikuja ndege saba katika siku hizo. Haki ya Mungu, alisimama chini ya mabawa akiomba idondoshe, tone moja tu, kisha akaomba asamehewe kwa kuombea vyombo vya watu viharibike. Hakuna iliyodondosha. Siku ya tarehe thelathini ikaja moja saa tisa mchana, mpya kabisa kutoka kiwandani, ndani inanukia ngozi, na magurudumu yake yalikuwa makavu mno. Aliizunguka mara tatu. Rubani wake akamuuliza kwa adabu kama kuna tatizo lolote.

"Hapana," Bi Mhuri alisema. "Hakuna tatizo."

Akagonga. Fundi akaondoa kabari, akamsaidia mwenzake kukunja kamba, akatoka kazini kwa wakati wake. Nyumbani alikaa na binti yake wakafanya hesabu za kutoa. Hakuna aliyetaja tarehe.

Siku ya nane baada ya hapo, Mkurugenzi akamwita Bi Mhuri ofisini. Alikuwa na barua, na uso wote unacheka.

"Kaa, kaa. Hii huwezi kuamini. Unaikumbuka ile ndege ya breki? Wenyewe wana ndege sita. Wanataka kuzileta zote hapa kila mwaka kwa matengenezo. Wako tayari kulipa ada, kodi ya huduma, kila kitu. Karakana itafunguliwa, mama! Sikiliza alichoandika yule rubani." Akavaa miwani. "'Nimefanya kazi na mafundi miaka thelathini. Ni wachache sana wanaokuambia ukweli unaowanyima kazi wao wenyewe. Ndege zetu tunataka azishike huyu.' Kamtaja kwa jina, na namba ya leseni. Sharti lao ni moja tu, leseni iwe hai kwa siku ya kusaini mkataba." Akainua macho. "Ni hai, si ndiyo?"

Bi Mhuri alitazama barua. Alitazama kidole cha Mkurugenzi kilichokaa juu ya jina la mdogo wake. Akataka kusema ni hai, na angesema, safari hii angesema, lakini lingefaa nini? Leseni ingekaguliwa asubuhi.

"Imekufa," alisema. "Tarehe thelathini."

"Mwezi huu uliopita?"

"Siku nane zilizopita."

Mkurugenzi akavua miwani polepole. Alikuwa mtu mwenye haya zake, kwa kweli, maana aliikunja barua akaigeuza uso chini.

"Pole sana," alisema mwishowe. "Basi itabidi tutafute mwingine kutoka nje. Barua inasema akikosekana yeye, wapo wengine."

Bi Mhuri aliomba ruhusa akatoka mapema, jambo ambalo pia halikuwa kawaida yake. Alitembea mpaka nyumbani kwa miguu, njia nzima akipanga maneno, na kila alilolipanga lilimtoroka. Alimkuta Fundi amekaa kwenye ngazi ya nyuma, uzi na sindano mkononi, anashona mkanda wa kiatu cha shule cha binti yake. Ilikuwa siku yake ya mapumziko.

Akamweleza yote akiwa amesimama, mkoba begani. Ndege sita. Karakana. Maneno ya rubani, alijitahidi kuyasema yalivyokuwa.

Fundi alisikiliza mpaka mwisho. "Walinitaja kwa jina?"

"Kwa jina."

Akacheka kidogo, si kile kicheko cha uwanjani. "Mzee yule. Alinishika mkono kweli kweli siku ile." Akapitisha sindano, akavuta uzi. "Dada, nikuulize kitu. Sijawahi kukuuliza."

"Uliza."

"Ile fomu, siku ile ulikuwa nayo?"

"Nilikuwa nayo mfukoni."

"Sheria ilikukataza?"

Hapo njia ilikuwa wazi. Angeweza kusema ndiyo, na Fundi angeamini, maana dada yake hakuwahi kumdanganya. Mdomo ulishafunguka. Lakini alimwona pale alivyokaa, mabega yake mapana yameinamia kiatu kidogo, akashindwa.

"Haikunikataza," alisema. "Rubani alitaka. Mkurugenzi aliniachia mwenyewe. Ni watu, mdogo wangu. Ni Redio na wale waliokuwa wanacheka. Niliogopa wataniambia nimesimamisha saa kwa ajili ya ndugu yangu."

Fundi aliweka kiatu chini. Alipoanza kusema hakupaza sauti hata kidogo, alisema kama mtu anayejaribu kuelewa jambo.

"Mimi niliacha kazi ya miaka tisa kwa neno lako moja la simu. Nimekuja hapa, miaka miwili wananicheka kila asubuhi, nami nacheka nao, tena nacheka zaidi yao, ili asije akatokea mtu akasema dada yake alimdanganya. Miaka miwili, Dada, nimesemwa kwa ajili yako. Wewe hukuweza kusemwa siku moja kwa ajili yangu?"

Ndani, wifi yake aliacha kuosha vyombo. Bi Mhuri alitafuta jibu. Alilitafuta kwenye miaka yote aliyomlea, kwenye ada za shule na mgongo uliombeba, na yote hayo yalikuwa kweli, ila hayakuwa jibu.

"Sikuweza," alisema.

Fundi aliitikia kwa kichwa. Akaokota kiatu, akaendelea kushona.